Bibi wa Ghorofa ya Tatu

"Huyu bibi ni wa nani?" Kamanda aliuliza.

Chumba kilijaa nyaya, vikombe vya kahawa na watu wasiochana nywele, na kila mmoja alimtazama mwenzake kana kwamba wameulizwa nani kavunja sahani.

Kamanda ndilo jina walilompa mkuu wao, mwanamke mfupi mwenye sauti isiyoweza hata kumfukuza kuku jikoni. Ndiye aliyeongoza kazi ya kutengeneza gemu yao ya pili ya udukuzi: mji mzima ulio wazi, mchezaji azurure atakako, azime taa za barabarani, afungue milango ya benki, achungulie simu za wapita njia. Gemu ya kwanza ilipondwa vibaya. Tajiri wao alikuwa ameshasema waziwazi: na hii ikianguka, kila mtu akatafute riziki kwingine.

Siku hiyo wahakiki walikuwa wanatoa maoni, na maoni yalikuwa asali tupu. Ila wote walimsifu bibi mmoja akaaye dirishani, ghorofa ya tatu, nyuma ya kituo cha mabasi. Ukijaribu kudukua simu yake, dirisha linafunguka, anakufokea: "Wewe! Mama yako anajua uko huku?" Kisha anakutuma chumvi dukani. Na mchezaji, jambazi sugu aliyetoka kukomba benki sasa hivi, anakwenda mbio.

"Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia nimepatwa na nini," aliandika mhakiki mmoja.

"Mimi nilidhani umemwandika wewe," mchoraji alimwambia mwandishi wa mazungumzo.

"Nami nikadhani umemchora wewe, nikasema leo mwenzetu kajitahidi."

"Na sauti?" Kamanda aliuliza.

Fundi wa sauti alitikisa kichwa. "Sauti ile sijairekodi mimi. Ningekumbuka. Kila nikiisikia natamani kwenda kuoga kabla sijafokewa."

Mlinzi wa mitambo, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mgeni anayeingia kwenye kompyuta zao, aliinua uso uliompauka. "Jamani, bibi aliingizwa kutoka nje, muda mfupi kabla hatujatoa gemu. Tumedukuliwa."

Mchoraji akaangua kicheko. "Mwosha huoshwa!" Na chumba kizima kikafuata.

Tajiri hakucheka. Alimvuta Kamanda pembeni. "Waambie wanyamaze. Bibi anatuletea sifa, basi abaki wetu."

"Si wetu, bosi. Nitapokeaje pongezi za mtoto wa mwenzangu?"

"Na watu wakisema hatuwezi hata kulinda mlango wetu?"

"Watakuwa wamesema kweli."

Tajiri alikuna kidevu, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Kamanda akakaa mezani, akatangaza kwa umma: bibi si kazi yetu, aliyemleta ajitokeze, hatumshtaki, tunataka kumshukuru. Akabonyeza kutuma. Alijua huenda anajifukuzisha kazi yeye na wenzake wote.

Kuchekwa walichekwa kweli, mpaka basi. Lakini waliocheka walitaka kumwona bibi kwa macho yao, wakainunua gemu kwa fujo. Tajiri alirudi na sura mpya na maandazi ya watu wote. Waliojitokeza nao walikuwa kama kumbikumbi: huyu anasema bibi ni wake, yule anaapa ni nyanya yake mzaa baba. Wakiulizwa waliingiaje, wanaanza kukohoa.

Kati ya wahakiki, aliyebaki kutoa maoni ni Ndimu.

Ndimu alikuwa mhakiki aliyesomwa na wote na kuogopwa na wote, na hakuna aliyewahi kumwona. Ndiye aliyeipigilia msumari gemu ya kwanza: "Mji mkubwa, taa tele, na hakuna hata mtu mmoja wa kukuuliza unakwenda wapi." Timu nzima ilimwazia kuwa kijana mwembamba mwenye miwani, anayeishi kwa soda na chuki.

Uhakiki wake ulikuja mwisho. Kamanda aliusoma kwa sauti. Ndimu alisifu barabara, akasifu mvua, akasifu hata paka wa kwenye mapaa. "Safari hii," aliandika, "mji una watu." Mlinzi wa mitambo alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye feni.

Kamanda akaendelea: "Ila yule bibi, sioni wanamsifia nini. Maneno mengi, sauti ya kukwaruza. Nimepunguza alama kwa ajili yake."

"Mtu huyu ana roho gani?" mchoraji alilalamika. "Dunia nzima inampenda!"

Kamanda hakukasirika. Moyo ulikuwa umejaa furaha, hasira haikupata pa kukaa. Alimwandikia Ndimu kumshukuru kwa maoni yake yote mawili, ya gemu ya kwanza na ya pili, akamuuliza kwa adabu bibi wa watu amekosa nini, akaacha namba yake ya simu.

Chai haijapoa, simu ikalia. Akaiweka mezani, akafungua spika ili wote wasikie.

"Ndimu hapa," ilisema sauti ya kizee ya kukwaruza.

Fundi wa sauti alisimama wima. "Shikamoo!" ikamtoka kabla hajajijua.

"Marahaba. Mkuu wenu kauliza bibi amekosa nini. Hajakosa kitu, wanangu. Lakini mimi nimelelewa. Mtu hajisifu mwenyewe."