Bati Kwenye Santuri

Fundi wa masanduku ya bati alisimama mlangoni mwa Amondi akiwa na nyundo mkononi. Ndani, gramafoni ilikuwa ikicheza kishindo cha bati likigongwa.

"Madam, sasa huo ndio muziki?"

"Ndio, fundi."

"Kila Jumamosi nanyamaza saa nzima ndio usikize vinanda vyako. Shule zinafunguliwa Jumatatu, nina masanduku ishirini hayajaisha, na wewe umekaa hapa unasikiza mtu akigonga bati? Basi hiyo saa imeisha. Hata mimi naenda kugonga."

Hapa mtaani Kariobangi Amondi hakuwa na saa nyingine ya utulivu ila hiyo aliyopewa na jirani, na santuri hii aliitafuta miaka sita.

Fundi aligeuka aende zake, kisha akasita. Alielekeza sikio kwenye spika. Kidole gumba chake, chenye ukucha mweusi uliowahi kupigwa nyundo, kikaanza kugusagusa mpini polepole.

"Wako wawili," alisema.

"Ni mmoja, fundi. Jina lake hili hapa kwenye jalada."

"Wawili, madam. Mmoja ana nyundo ya chuma, mwingine ya mbao. Huyo wa mbao anakuja nyuma kidogo, kama anamwogopa mwenzake."

Amondi akatega sikio. Kwa mara ya kwanza akamsikia yule wa pili, akichelewa.

Aliinua sindano, akairudisha mwanzo, kisha akasogea upande mmoja wa kochi.