Kichupa Kilichokataliwa

Kwa mara ya pili wiki hiyo mashine ilikikataa kichupa kile kile. Karatasi ilitoka na mstari mwekundu: mate ya mteja yameingiliwa na ya mfanyakazi. Namba ya mfanyakazi ilikuwa ya mpimaji mwenyewe.

"Umekikoholea?" aliuliza bosi wake, miwani imemshuka puani.

"Nilivaa barakoa, bosi. Na glavu."

"Basi umekiimbia. Nakujua wewe na nyimbo zako."

Kila aliyeajiriwa katika maabara ile alitema mate siku ya kwanza kazini. Yalipimwa, yakatunzwa, ili siku tone lake likidondoka kwenye kichupa cha mtu, mashine imuumbue. Miaka sita mashine haikuwahi kumuumbua.

Kingekuwa kichupa cha mwingine, angeudhika tu, akanawa, akaanza upya. Lakini hiki kilikuwa cha Mzee Shina.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Sisi ndio shina, alizoea kusema, hao wengine ni majani yaliyoletwa na upepo. Watu wa ng'ambo ya mto aliwaita wa kuja, ingawa babu zao nao walizaliwa mjini hapo hapo.

Mama yake mpimaji alikuwa wa ng'ambo. Kabla mpimaji hajazaliwa, alimfulia Mzee Shina nguo miaka minne, mpaka asubuhi moja ya mvua akaambiwa atoke. Hakuruhusiwa hata kungoja mvua ikatike. Mzee alilifunga lango mwenyewe, kwa komeo.

Mama hakuwa mtu wa kulialia. Kisa hicho alikigeuza kitendawili, akawa anamtegea bintiye jioni, wakikunja nguo za watu.

"Nilitoka kwa Shina na mizigo miwili. Mmoja nilijitwika kichwani, kila mtu akauona. Wa pili hakuna aliyeuona, na ndio uliokuwa mzito."

"Njaa."

"Hujapata."

"Aibu."

"Aibu aone yeye. Hujapata."

"Hasira, mama."

Mama alicheka mpaka vibanio vya nguo vikamdondoka mdomoni. "Nipe mji."

Binti alimpa mji, kisha mwingine, kisha miji yote aliyofundishwa shuleni. Mama aliipokea yote, akastarehe humo kama malkia, na jibu hakulitoa. Binti akakua akiamini jibu ni hasira, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameibeba.

Na sasa Mzee Shina alikuja kwa miguu yake. Wake watatu, wote wametangulia, hakuna aliyemwachia mtoto. Kwenye fomu alitia tiki mahali pawili: kujua asili yake, na kutafutiwa jamaa.

"Nina nyumba ya vyumba tisa na kikohozi," alimwambia dada wa mapokezi. "Nitafutieni hata mmoja wa damu yangu. Nisije nikafumba macho, wa kuja wakaingia na magodoro yao."

Akaitwa kutema mate mapya. Safari hii mpimaji alimwomba mwenzake wa zamu afanye kila kitu, yeye akakaa pembeni, mikono mifukoni, hakugusa hata kifuniko.

Karatasi ilipotoka aliisoma amesimama. Halafu akavuta kiti, akaisoma tena.

"Vipi," bosi aliuliza kutoka mlangoni, "imekubali?"

"Imekubali. Kosa nimeliona lilipo."

Ijumaa Mzee Shina aliketi mbele yake, fimbo katikati ya magoti. Mpimaji alimtandikia ramani yenye rangi mezani, polepole, kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Upande wa baba ni hapa hapa, kizazi baada ya kizazi."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo sikuhitaji mashine kuniambia."

"Upande wa mama." Kidole chake kilitambaa kwenye karatasi, kikafika mtoni, kikavuka. "Bibi yako mzaa mama, na mama yake, na mama yake huyo. Wote ng'ambo, mzee."

"Mashine yenu mbovu."

"Tumepima mara tatu."

Mzee alitoa leso akajifuta mdomo, akaufuta tena, kana kwamba yale mate bado yalikuwapo. Mpimaji hakumharakisha. Uso ule alikuwa ameungoja maisha yake yote. Akautazama vizuri, nyusi, pua, mpaka masikio, kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Na jamaa?" Sauti ya mzee ilikuwa imepungua. "Nilitia tiki ya jamaa. Hata akiwa wa ng'ambo, binti yangu. Sichagui tena."

Mpimaji aliigeuza karatasi ya pili, maandishi yakalala chini.

"Hakuna, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Alimfungulia mlango, akamngoja atoke na fimbo yake, akaufunga kwa komeo.

Jioni alimkuta mama kwenye kigoda, shuka la mtu mapajani. Akashika pembe mbili, mama akashika mbili, wakalivuta likanyooka.

"Leo kimya," mama alisema. "Wamekufukuza kazi?"

"Nirudishie miji yangu, mama. Yote."

Mama aliacha kuvuta.

"Siku ile ya mvua," binti alisema, "ule mzigo wa pili ulikuwa na miezi mingapi?"

"Mitano," alisema mama. "Ulishaanza kunipiga mateke."