Kitambaa Cheupe

Kitendawili! Mgeni wangu akija mkavu hukwaruza mlango. Akioga, hupita bila hodi. Msijibu haraka, wajukuu.

Nesi alikuwa amekuja kumtazama mzee nyumbani kwa mara ya kwanza tangu aruhusiwe kutoka hospitalini miezi kadhaa nyuma. Mke wa mzee akafungua pakiti ya mpira wa kumtolea mzee mkojo, akaulowesha kwa maji safi kama alivyofundishwa hospitalini, kisha akaufuta kwa kitambaa cheupe mpaka ukakauka.

"Mama, ngoja! Unafuta nini?"

"Ute, mwanangu. Ukilowa tu, unateleza kama konokono. Mimi simwingizii mume wangu uchafu."

"Si uchafu huo, mama. Mpira huu umepakwa dawa kiwandani makusudi, uteleze usimchubue. Ukiufuta, ni kama unamwingizia kamba."

 Mama alikitazama kitambaa mkononi, na pindo alilolishona mwenyewe. Aliyangoja machozi, hayakuja. Vidole vyake aliviona kama vya mtu mwingine.

Miezi yote hiyo, kila asubuhi, alikuwa akimuuliza mumewe, "Inauma, mzee wangu?" Na kila asubuhi mzee aligeukia ukutani, akapiga mluzi. Mama akidhani ni furaha ya mtu aliyetunzwa.

Nesi akampa pakiti nyingine. Mama akaulowesha mpira, hakuufuta. Ukapita wenyewe, kama maji kwenye mfereji.

"Inauma?" aliuliza, kwa mazoea tu.

Mzee hakugeuka wala hakupiga mluzi. Alimtazama mkewe usoni.

"Leo, hapana."