Mtihani wa Usukani

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni kandambili. Baba yake, fundi wa pikipiki, alikuwa anakwenda kumpima mposaji wa nne akiwa na kandambili za bafuni, moja imeshonwa kwa waya.

Mara tatu zilizopita alijifunga kama mtu anayekwenda vitani: buti ndefu, helmeti, koti zito lenye vifungo hadi shingoni.

Utaratibu wa nyumba ile ulijulikana mtaa mzima. Aliyekuja kuposa hakuulizwa kazi wala ukoo. Alipewa pikipiki ya fundi mwenyewe, fundi akakaa nyuma, wakaenda uwanja wa mpira ulio jirani. Katikati ya uwanja fundi alipiga kelele, "Vuta mafuta yote!"

Pikipiki ikivutwa ghafla, uzito hurudi nyuma na gurudumu la mbele huwa jepesi. Hapo usukani unaweza kuanza kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mbuzi anayekataa kamba. Mwenye akili hulegeza mikono, hubana tangi kwa magoti, huinamia mbele, hupunguza mafuta taratibu. Mwoga huukaba. Na ukiukaba ndiyo kwanza unazidi.

Wa kwanza, dereva wa lori, alicheka. "Mzee, mimi naendesha magurudumu kumi, sembuse haya mawili?" Alirudi anaisukuma pikipiki, majani mdomoni. Wa pili, mwenye duka la simu, alimwita mama yake kwa sauti iliyosikika hadi dukani kwake. Wa tatu, golikipa wa timu ya mtaa, aliingia golini na pikipiki.

"Goli," fundi alisema, akijipangusa vumbi.

Shangazi hakuona cha kuchekesha. "Kaka, labda pikipiki yako ndiyo mbovu. Shingo yake ikilegea, usukani si hucheza?"

"Hii nimeifunga kwa mikono yangu, dada. Kibovu ni kilichokaa mbele. Anayekaba usukani atakuja kumkaba mwanangu."

Sentensi za binti zilichelewa kufika mwisho, na watu wa nyumbani walizoea kumalizia. Shangazi alipomuuliza kuhusu dereva wa lori, "Umempenda?" alijijibu mwenyewe palepale: "Amempenda, tazama anavyoona haya."

Kazi yake siku ya mtihani ilikuwa kuiosha pikipiki asubuhi na mapema. Kila mara alikuta spana kubwa imesahauliwa karibu na ndoo. Lilikuwa jambo la ajabu, maana baba yake bisibisi ikipotea hali chakula mpaka ipatikane.

Mposaji wa nne alikuwa fundi saa. Mwembamba, miwani mizito, na pikipiki alizijua kwa kuzipisha barabarani. Binti alikuwa amempelekea saa ya ukutani iliyosimama. Alipoanza kueleza ubovu wake akakwama, fundi saa aliweka kibano chake mezani, akasubiri. Akasubiri mpaka sentensi ikaisha.

"Huyu ndiye wa mwisho," shangazi alitangaza asubuhi ile. "Usukani ukicheza, dereva wa lori anarudi, na posa yake naipokea mimi. Mtoto hawezi kuzeekea uwanja wa mpira."

Fundi alibana breki ya mbele, akausukuma usukani mara mbili kama kawaida yake, akaguna. Safari zilizopita, baada ya guno hilo alikwenda kuvaa buti. Leo aliinua mguu, kandambili ikaning'inia kwenye kidole gumba, akapanda vilevile.

Binti na shangazi waliwafuata hadi ukingo wa uwanja.

"Vuta mafuta yote!"

Fundi saa, maskini, alivuta yote kwa mkupuo, ameukaba usukani kama mtu anayezama na ubao wake. Gurudumu la mbele likawa jepesi. Binti akafumba macho.

Alipofumbua, pikipiki ilikuwa inaukata uwanja, imenyooka kama uzi.

"Ameweza!" shangazi alipiga makofi. Waliporudi nyumbani bado alikuwa anamsema kaka yake. "Lakini wewe una akili timamu kweli? Umri huo, mwendo ule, na kandambili?"

Fundi aliiokota spana karibu na ndoo, akaifuta, akaitundika kwenye msumari wake.

"Hofu ya nini? Leo nati ya shingo imekazwa barabara."

Shangazi aliitazama spana, kisha ndoo, kisha binti.

Fundi alimgeukia binti yake. "Mara tatu umenijibu kwa spana, mwanangu. Leo nijibu kwa mdomo."

"Hu..." binti alianza, akakwama.

Shangazi alitaka kumalizia. Fundi saa aliinua mkono kumzuia, akasubiri.

"Huyu namtaka, baba."