Andazi la Mwisho

Foleni ya kupandikizwa figo inaingilika pande mbili. Mkiani unaongeza jina wakati wowote, ila kichwani kila nyumba ina nafasi moja tu maishani. Mashine ya hospitali humchukua aliye mbele, mmoja kwa wiki, Jumatatu saa sita kamili.

Leo Jumatatu, saa tano na nusu, nimemweka mke wangu Zuhura kichwani kwa simu. Mama wa jirani yetu Kisamo, aliyekuwa wa kwanza, akashuka wa pili.

Dakika kumi hazijapita, Kisamo huyo mlangoni, simu mkononi.

"Hongera, shemeji."

"Karibu chai," akasema Zuhura, uso umemvimba.

"Mama anaendeleaje?" nikauliza, kama mjinga.

"Wiki ijayo hafiki."

Zuhura naye hafiki. Na nyumba ya Kisamo haijatumia nafasi yake.

Zuhura akamsogezea andazi. Kisamo ana adabu zake: akaweka simu mezani, akala. Kila mkono ulipoirudia simu, Zuhura alimpa jingine.

"Kula, shemeji, usituonee haya. Wewe si mgeni hapa."

"Unataka nipasuke?"

Tukacheka wote watatu, tukiitazama saa ya ukutani.

Saa sita kasoro dakika nne, nikachungulia bakuli la maandazi. Limebaki moja, na Kisamo ameshaomba kitambaa cha kufutia vidole.