Mkono wa Kulia

Krap, krap. Shomari aliamshwa na mlio wa mkasi gizani. Alipowasha taa, alimkuta mkewe anaikata sare yake ya kiwandani.

“We mama Tatu! Kazini leo utavaa nini?”

“Siendi. Miaka saba nashona mikono ya kushoto ya mashati, ya kulia anashona mwingine. Jana niliomba nishone shati zima, msimamizi akacheka: ‘Utaweza wewe?’”

“Si ungengoja kwanza mwaka uishe?”

“Mwaka jana pia uliniambia hivyohivyo.”

Akaketi kwenye cherehani. Mkono wa kulia aliushona, akaufumua, akaushona tena.

Kulipokucha, Tatu alivaa gauni lake jipya, akanyoosha mikono mbele ya kioo.

“Mama, yote miwili inalingana.”