Kayamba Zipi?

Maboksi ya spika Mzee Shebughe aliyaunda mwenyewe kwa mbao za kabati bovu, na ampu akaifufua kwa vipuri vya redio za watu. Kilichomsumbua ni twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba. Jozi hii ya tatu nayo aliiona mbovu: ngoma zinatoka, kayamba hazitoki. Akazungusha kitufe mpaka kikagota, akainama kutega sikio.

Mkewe akatoka jikoni ameziba masikio.

“Baba Kauthar, punguza! Hizo kayamba zinatutoboa masikio!”

“Kayamba zipi, Mama Kauthar?”

Mzee akazima muziki. Mama Kauthar akashusha mikono taratibu, bangili zake za fedha zikaporomoka, zikagongana. Mzee Shebughe aliziona zikigongana, akabaki amezikodolea macho, akisubiri mlio.